Ushauri: insha ya usingizi katika Shakespeare, nishike wapi?

kijana_wa_hosteli: Habari wakuu. Nipo mwaka wa pili, fasihi ya Kiingereza. Tumepewa insha juu ya usingizi katika tamthilia za Shakespeare. Nimekusanya mistari kibao: Hamlet anayefananisha kufa na kulala, mfalme Henry IV anayewaonea wivu maskini wanaokoroma huku yeye hapati hata lepe, Macbeth pia. Mhadhiri kasema hiyo ni orodha, haina hoja. Natakiwa kukabidhi Ijumaa.

MzeeWaRiwaya: Chukua Macbeth, mjadala ufungwe. Anamuua mfalme Duncan kitandani, hapo hapo anasikia sauti ikilia kwamba ameuua usingizi. Mkewe ndiye anayelala, lakini tendo la 5 anatembea usingizini akisugua damu isiyotoka mikononi, daktari anasikiliza siri zote!

binti_mchambuzi: Shikamoo mzee, ila darasa zima litaandika hiyo hiyo. Mimi ningeshika Julius Caesar. Mapema kabisa Caesar anasema anataka watu wanene wanaolala usiku, si Cassius aliyekonda na kuwaza mno. Halafu mtazame Brutus. Tangu Cassius amchochee wamuue Caesar hajalala, ilhali Lucius, mtoto anayemtumikia, yuko fofofo. Baadaye kambini, kabla ya vita vya Philippi, mtoto anasinzia akipiga muziki. Brutus anamwondolea ala isivunjike, anafungua kitabu, na mzuka wa Caesar unaingia. Hema zima limelala isipokuwa yeye. Kama maktaba yenu ina tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963, isome sambamba.

chakubanga_mtandaoni: Mtieni na Joe wa Dickens, yule mnene wa riwaya ya Pickwick anayesinzia hata kazini. Mwaka 1956 madaktari walitumia jina la kitabu hicho kuita ugonjwa 😂

MzeeWaRiwaya: Marahaba binti. Chakubanga, kijana ana Ijumaa, usimpoteze.

kijana_wa_hosteli: Asanteni. Kwa hiyo Macbeth niitupe?

binti_mchambuzi: Usiitupe, ila Hamlet na Henry waache. Brutus anakosa usingizi kabla hajaua, Macbeth zaidi baada ya kuua, mpaka anamwonea wivu Duncan kwa kulala vizuri kaburini. Uliza kwa nini wametofautiana hivyo. Mmoja anajadiliana na nafsi yake mapema, mwingine anatenda kwanza. Anza na tukio la hema, andika aya mbili leo, uzibandike hapa tuzione.