Naomba ushauri: kasoro ni ya filamu za siku hizi au ya ukumbi tunamoketi?

Mtazamaji wa Kisauni (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mimi ni mkazi wa Mombasa, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mratibu wa kikundi kidogo cha jamaa na majirani wanaochanga fedha kila mwisho wa mwezi ili twende pamoja kutazama filamu mpya. Kazi ya kuchagua niliachiwa mimi, nami niliiona kuwa ni heshima. Sasa imegeuka mzigo, kwa sababu kila tutokapo ukumbini lawama huniangukia mimi, na baadhi ya wenzangu wameanza kusema kwamba ni heri mchango huo ununue televisheni kubwa tukae nyumbani. Kabla sijauliza ninalotaka kuuliza, niruhusuni niseme ninavyozionea filamu zilizotufikisha hapa, ili mjue mnamshauri mtu wa namna gani.

Oppenheimer ya Christopher Nolan, iliyotoka Julai 2023, naihesabu miongoni mwa filamu bora nilizowahi kuziona. Ni saa tatu za watu wanaobishana vyumbani, na bado sikuchoka. Kile kikao cha kumnyang'anya Oppenheimer, yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, kibali cha kuziona siri za serikali kilinishika kuliko bomu lenyewe. Wenzangu walilalamika kwamba muziki uliyafunika maneno. Tulipofika kwenye mlipuko wa majaribio, pale ambapo mwongozaji anauacha mwanga utangulie kimya kimya na kishindo kije baadaye, tulichokisikia kwa muda wote huo ni mngurumo wa kiyoyozi, na kijana mmoja wa safu ya nyuma akapaza sauti akimtaka fundi aturudishie sauti.

Dune: Part Two ya Denis Villeneuve, ya Machi 2024, ilitushinda kwa giza. Mapigano ya uwanjani katika sayari ya Giedi Prime yamepigwa kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na kuonyeshwa kwa nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa picha yetu ilikuwa imefifia tangu mwanzo, shangazi yangu aliamini kabisa kwamba mashine imeharibika. Binafsi naona kwamba filamu ile ina fahari nyingi kuliko huruma, na kwamba bila ya Chani, yule binti wa jangwani, nisingemjali mtu yeyote ndani yake.

Sinners ya Ryan Coogler, ya Aprili 2025, ndiyo iliyotugawa kabisa. Saa yake ya kwanza, ambapo mapacha wawili wanarudi Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932, ili wakigeuze kiwanda kikuukuu cha mbao kuwa ukumbi wa muziki, ni saa nzuri kuliko zote nilizokaa mbele ya skrini mwaka huo. Baada ya wanyonya damu kubisha hodi, ikawa filamu ya kutisha kama nyingine, ingawa imetengenezwa kwa ustadi. Mwalimu mmoja mstaafu wa kikundi chetu hakufika hata huko, kwa sababu aliudhika kwamba picha ilikuwa utepe mwembamba wenye weusi juu na chini, akasema amelipia skrini nzima.

Sasa imetoka Avatar: Fire and Ash ya James Cameron, yenye urefu wa zaidi ya saa tatu, na kikundi kinangoja neno langu. Je, niwapeleke, na nikiwapeleka, iwe kwa miwani ya 3D au bila miwani? Na kwa ujumla, mnadhani kasoro tunazozilalamikia ni za watengenezaji wa filamu, za ukumbi, au ni mimi nisiyejua kuwachagulia watu?

Nawasilisha.

---

Opereta Mstaafu

Ndugu mleta uzi, nimefanya kazi katika chumba cha projekta hapa Dar es Salaam tangu enzi za mikanda hadi mitambo ya kidijitali ilipoingia, kwa hiyo nitajibu lile ninalolijua na kuwaachia wengine suala la uchaguzi.

Malalamiko ya wenzako yanachanganya mambo ya aina mbili. Ule ukimya wa Oppenheimer, ile nyeusi na nyeupe ya Dune, na ule utepe wa Sinners, vyote vimekusudiwa. Coogler alitumia mikanda ya kupigia picha ya aina mbili. Sehemu moja imepigwa kwa IMAX, ambayo huijaza skrini ndefu kwenda juu, na nyingine kwa umbo pana sana, upana wa 2.76 kwa kimo cha 1. Katika ukumbi wa kawaida hakuna namna ya kuliingiza umbo hilo isipokuwa kwa kuacha weusi juu na chini. Mwalimu wako hakuibiwa, ingawa ninamwelewa.

Giza na maneno yasiyosikika ni habari nyingine. Kipimo kinachotakiwa kwa filamu isiyo ya 3D ni mwanga wa kandela (kizio cha kupimia mwanga) 48 kwa kila mita ya mraba katikati ya skrini. Taa za xenoni, zinazotoa mwanga wa projekta, hufifia kadiri zinavyozeeka, nazo ni ghali, kwa hiyo yapo majumba yanayoziacha zifanye kazi kupita muda wake. Aidha, katika baadhi ya projekta lenzi ya 3D husahauliwa mahali pake wakati inapoonyeshwa filamu ya kawaida, na mwanga mwingi hupotelea hapo. Siku nyingine geuka nyuma, ulitazame dirisha la chumba cha projekta. Ukiona miale miwili iliyopandana badala ya mmoja, kuna uwezekano mkubwa kwamba lenzi hiyo haijaondolewa.

Ama kuhusu sauti, filamu huchanganywa studioni kwa kipimo kinachosomeka 7 kwenye kichakata sauti cha ukumbi, yaani kifaa kinachoongoza sauti, na mchanganyaji huyapima maneno na muziki akitegemea kwamba wewe utasikilizia kipimo hicho hicho. Majumba mengi hushusha hadi 5 au chini ya hapo, kwa kuwa matangazo na vionjo vya filamu zijazo vinavyotangulia huwa na kelele na watu hulalamika. Filamu yenyewe ikianza, hakuna anayekumbuka kupandisha. Kishindo bado utakisikia, lakini maneno ya kunong'ona yanazama. Nolan anazidisha tatizo hili kwa kupenda sauti iliyonaswa pale pale pa kupigia picha badala ya kuwarudisha waigizaji studioni kuyarudia maneno yao, na hilo ni la kwake, si la ukumbi.

---

Binti Shangani

Kaka mleta uzi, namheshimu Opereta, lakini naona anakupa dawa ya ugonjwa mdogo na kuuacha mkubwa. Umetaja filamu nne, zote ni za Marekani na zote zimetengenezwa kwa fedha nyingi, kisha unashangaa kwamba shangazi yako hakuguswa.

Je, mliwahi kuitazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021? Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma, na humo ndani Zanzibar ya miaka ya 1950 inazungumza Kiswahili chake yenyewe, hata mtazamaji hahitaji kusoma maandishi ya chini. Sisemi kwamba haina upungufu. Nilitamani mapenzi ya Yasmin na Denge yapewe muda wa kukua kama yalivyopewa katika riwaya, kwani katika filamu yanawaka upesi mno, na Bwana Raza, mume mzee wa Yasmin, amebaki kivuli cha yule tuliyemsoma. Lakini vichochoro vile vya usiku, na mwanga wa taa juu ya kuta za chokaa, vimepigwa na mtu anayepajua mahali. Au Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyopata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard cha tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023. Kijana anarudi Kongo kutoka Ubelgiji na mchumba wake Mzungu, anambeba mtoto mchanga wa ndugu yake, pua inamtoka damu juu ya mtoto yule, na papo hapo jamaa wanamwona mchawi. Wanazungumza Kifaransa, Kilingala na Kiswahili cha kwao, ambacho utakifurahia hata pale usipokielewa chote.

Najua utasema kwamba filamu hizi hazikai ukumbini. Hazikai kwa sababu waratibu kama wewe hawaziulizi.

---

Mtazamaji wa Kisauni

Dada Binti Shangani, nimelipokea, ingawa umenikemea kidogo. Vuta N'kuvute sikuiona ilipopita, na nikiri kwamba nilipowapendekezea Augure waliuliza kwanza kama kuna mapigano ndani yake. Kikundi ni cha watu, si changu peke yangu.

Opereta, shukrani nyingi. Lakini nikimwendea meneja na kumwambia apandishe sauti hadi 7, si ataniona mwendawazimu?

---

Mlamu wa Leicester

Mimi nitakuwa upande wa wale wanaotaka televisheni, na naomba nisitukanwe. Naishi Uingereza, ambako kumbi ni nzuri na projekta zinatunzwa, na bado Oppenheimer niliielewa vizuri zaidi nilipoitazama nyumbani mara ya pili, nikiwa na maandishi ya chini na uhuru wa kurudisha nyuma. Filamu ile ina watu wengi wenye majina yanayofanana kwa sikio letu. Si aibu kuyasoma majina hayo. Inafaa pia ikumbukwe kwamba katika Oscar za 2024 Oppenheimer ilichukua tuzo 7, ikiwemo ya filamu bora, lakini ya sauti ilikwenda kwa The Zone of Interest, filamu ya familia inayoishi kando ya kambi ya mauaji ya Auschwitz, ambayo karibu kila jambo zito ndani yake husikika kutoka ng'ambo ya ukuta na halionekani. Filamu hiyo niliitazama sebuleni kwangu nikiwa nimevaa spika za masikioni, na sidhani kama nilipoteza chochote.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: filamu ya maneno mengi naisubiri nyumbani, na filamu ya sura kubwa naifuata ukumbini. Dune naamini ilistahili safari, hata kwa giza lenu lile, na haikuwa kwa bahati kwamba mwaka 2025 ilipewa Oscar ya sauti pamoja na ya madoido ya picha.

---

Opereta Mstaafu

Mlamu, ndugu yangu, kipimo chako kinapendeza, ila kinamnyima mtu The Zone of Interest ukumbini, na hapo ndipo ilipostahili kusikilizwa, kwani ukutani mwa sebule yako hakuna spika zinazokuzunguka. Sitabishana zaidi.

---

Mama Nuru

Nawasoma tu nyote mkihangaika na kandela na desibeli, wala hakuna aliyeutaja mgongo. Killers of the Flower Moon ilikuwa dakika 206 bila mapumziko, na baadhi ya kumbi za Ulaya zilipoikata katikati ili watu wapumzike, zilikatazwa. Ni filamu nzito na ya haki, ambayo mwigizaji Lily Gladstone anaibeba hata anapokaa kimya, lakini mtu mwenye kisukari ataikaaje? Mwongozaji Brady Corbet alituonea huruma katika The Brutalist: filamu ni dakika 215, na dakika 15 kati ya hizo ni mapumziko yaliyowekwa ndani ya filamu yenyewe, saa ikihesabu kwenye skrini.

Wahindi hawakuwahi kuliacha jambo hili. RRR ilikuwa na dakika 182, na sehemu ya kwanza inajengwa ili ifike kileleni hasa kabla ya mapumziko; mnatoka mkibishana, mnanunua bisi na chai, mnarudi na hamu mpya. Sisi tuliokulia Pwani tulizoea mpangilio huo tangu utotoni. Mpelekee shangazi filamu ya Kihindi mwezi mmoja, uone kama atamlaumu mtu. Jawan ya 2023, kwa mfano, ina mambo mengi yasiyoaminika, na mimi sikujali hata kidogo.

---

Mtazamaji wa Kisauni

Mama Nuru, umenichekesha na umenisaidia. Kisukari kipo kwetu pia, na yule mwalimu hutoka mara kwa mara, kisha huuliza alichokikosa, jambo linalowaudhi walioketi karibu naye.

Naona basi kwamba nitaacha kuchagua peke yangu. Nitapendekeza tubadilishane: mwezi wa filamu kubwa, mwezi wa filamu ya Kihindi yenye mapumziko, na mwezi mmoja tutafute filamu ya Kiafrika, hata ikibidi kuitazama katika sebule ya mmoja wetu. Limebaki la Avatar, kwa kuwa tiketi zinatakiwa kununuliwa wiki hii.

---

Binti Shangani

Mwezi mmoja kati ya mitatu ni mwanzo, sikatai. Kuhusu Avatar sina ushauri. Ile ya 2022 niliyapenda maji yake na kuyasahau majina ya watu wake wote kabla sijafika nyumbani.

---

Opereta Mstaafu

Cameron ni miongoni mwa waongozaji wachache wanaoipiga filamu kwa 3D tangu mwanzo, badala ya kuigeuza baadaye, kwa hiyo kwa kawaida ningesema vaeni miwani. Lakini miwani na lenzi zake hula mwanga mwingi, na picha hushuka hadi theluthi moja ya kile kipimo nilichokitaja, au hata chini zaidi. Kama ukumbi wenu ulikuwa na giza katika Dune bila miwani, kwa miwani mtaketi saa tatu mkikisia. Chukueni onyesho lisilo la 3D, mkae katikati, theluthi mbili kutoka mbele, na mwalimu awekwe kiti cha mwisho wa safu karibu na njia.

Na meneja usimtajie namba yoyote. Nenda siku ya katikati ya wiki, onyesho la mchana, wakati hana msongamano wa Jumamosi, umwambie kwamba unaleta kikundi kila mwezi na kwamba wazee wako hawayasikii maneno. Mwombe sauti ipandishwe kidogo baada ya matangazo kwisha, kisha utume mtu mmoja akamkumbushe fundi pale filamu inapoanza, kwa sababu meneja atakubali na kusahau.