Samurai na kujipasua tumbo: ni heshima au ni hukumu ya serikali?

Mvuvi wa Usiku:
Wakuu, kila nikifungua mada ya Japani nakuta watu wanasifu kwamba samurai, wale wapiganaji wa zamani, "walichagua kifo kuliko aibu". Leo nataka tulijadili hilo neno kuchagua. Mwaka 1701 Asano Naganori, bwana wa eneo la Ako, alichomoa upanga ndani ya ngome ya Edo (Tokyo ya leo) akamjeruhi Kira Yoshinaka, afisa wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani. Siku hiyohiyo akaamriwa ajipasue tumbo. Tena bustanini, kwenye nyumba ya bwana mwingine, si ndani kama ilivyostahili mtu wa cheo chake. Ako ikachukuliwa, watumishi zaidi ya 300 wakabaki hawana bwana. Kira hakuguswa. Hapo aliyechagua ni nani? Mimi naiita hukumu ya kifo iliyovishwa nguo nyeupe. Na wanaoisifu, wengi wao historia wameisomea kwenye katuni.

Mkanda Mweusi:
Katuni unamwambia nani? Nimefanya karate miaka 19 na nafundisha watoto wa mtaani kwetu bila kuwatoza senti. Usimhukumu mtu usiyemjua. Halafu umeishia 1701 makusudi kabisa. Mbona 1703 umeiruka? Watumishi 47 wa huyo Asano, wakiongozwa na Oishi Kuranosuke, walivamia kwa Kira usiku, wakamkata kichwa, wakakipeleka kaburini kwa bwana wao pale hekalu la Sengakuji. Kisha wakajisalimisha wenyewe wakijua mwisho wao. Wote 47 wakajipasua tumbo. Nani aliwalazimisha kulipiza kisasi?

Mama Kitabu:
Waliokufa ni 46, mwanangu. Wa 47, Terasaka Kichiemon, hakuhukumiwa pamoja nao, na aliishi mpaka 1747.
Hata serikali yenyewe iligawanyika juu yao. Mwanazuoni Ogyu Sorai alishauri wafe kwa sababu wamevunja sheria, lakini wafe kwa mikono yao badala ya kukatwa vichwa kama wahalifu wa kawaida, ili uaminifu wao usidharauliwe. Kwa hiyo heshima na hukumu vilikuwa kitu kimoja, mnavitenganisha ninyi.

Mkanda Mweusi:
Sawa mama, 46. Hoja yangu haijabadilika kwa kupungua mtu mmoja.

Kijana wa Forodhani:
Kuna samurai aliyewasema vibaya hao 46, Yamamoto Tsunetomo. Aliuliza: mmengoja karibu miaka miwili, je, Kira angekufa kwa ugonjwa mngemlipiza nani? Kwake yeye mwenye heshima angerukia siku ileile, hata kama angeuawa getini. Na Tsunetomo mwenyewe bwana wake alipofariki 1700 alitaka kumfuata kaburini, akazuiwa na sheria. Nadhani serikali ilipiga marufuku kufa na bwana mwaka 1668.

Mama Kitabu:
Marufuku ni ya 1663. Hiyo 1668 unayoikumbuka ni mtumishi mmoja wa ukoo wa Okudaira aliyemfuata bwana wake licha ya sheria, na wanawe wakauawa kwa kosa la baba yao.

Zawadi ya Mvua:
Watoto waliuawa. Someni tena hapo.
Mimi nimemzika kaka yangu aliyejitoa uhai. Nikiona mtu anaandika kifo cha namna hii kwa sifa, mkono unatetemeka. Jenerali Nogi 1912, siku ya mazishi ya mfalme Meiji, alijiua na mkewe Shizuko akafa naye. Wanawe wawili walikuwa wameshakufa vitani. Mnaona uaminifu. Mimi naona nyumba iliyobaki tupu.

Mkanda Mweusi:
Pole sana dada, na sikulijua hilo. Ila Nogi aliacha barua. Alisema deni lake ni la tangu 1877, vita vya uasi wa Satsuma, alipopoteza bendera ya kikosi chake. Alilibeba miaka 35. Siwezi kumwita huyo mtu aliyelazimishwa.

Chuma Hakiozi:
Mnabishana kuhusu Wajapani wakati Mwafrika mwenzetu yumo humohumo. Yasuke alikuwa kwa Oda Nobunaga, bwana mkubwa wa vita, na 1582 alijipasua tumbo pamoja na bwana wake pale hekalu la Honno-ji. Hiyo ndiyo heshima.

Kijana wa Forodhani:
Umeteleza mkuu. Yasuke hakufa siku ile. Akechi Mitsuhide, jenerali wa Nobunaga, alipomgeukia bwana wake, Yasuke alikimbilia kwa mwana wa Nobunaga, akapigana huko muda mrefu, mwisho akaombwa upanga akautoa.

Chuma Hakiozi:
Kwa hiyo unatuambia alikuwa mwoga?

Kijana wa Forodhani:
Neno mwoga limetoka kwako, mimi nimesema alitoa upanga.

Chuma Hakiozi:
Mtu aliyepewa nyumba, posho na upanga na bwana mkubwa kuliko wote wa zama zile hawezi kusalimu amri hivihivi. Hizo habari zako zimetoka kwenye barua za mapadri, na mapadri ndio waliompeleka Japani akiwa chini ya padri Valignano. Siwaamini.

Mama Kitabu:
Mapadri haohao ndio walioandika kwamba alipigana. Ukizikataa barua zao, zikatae zote.
Kinachoniuma mimi ni kauli ya Akechi. Alisema huyu ni mnyama asiyejua kitu, wala si Mjapani, asiuawe, apelekwe kanisani kwa mapadri. Amepigana kama wao, lakini kifo chao hawakumpa. Mvuvi, hapo ndipo swali lako lilipo: heshima ile ilikuwa na mlango, na mlangoni kulikuwa na watu wanaoamua nani aingie.

Chuma Hakiozi:
Mnyama! Na bado kuna mtu humu anawasifu.

Mkanda Mweusi:
Sijamsifu Akechi popote. Nionyeshe mstari.

Chuma Hakiozi:
Na inasemwa alitoka pwani yetu, Msumbiji. Angekuwa Mreno mngemwita shujaa.

Mkanda Mweusi:
Nimeuliza mstari.

Mvuvi wa Usiku:
Jamani, turudi. Mama ametaja mlango, na mimi naongeza upepeo. Enzi za Edo, yaani za utawala wa mashogun hao, wengi waliohukumiwa hawakushika hata jambia. Waliwekewa upepeo mbele yao, wakinyoosha mkono kuuchukua, aliyesimama nyuma na upanga anamaliza. Halafu mji wa bandari wa Sakai, 1868: askari 20 wa eneo la Tosa walihukumiwa kwa kuua mabaharia Wafaransa. Mmoja baada ya mwingine mbele ya nahodha wa Kifaransa, Dupetit-Thouars. Walipofika 11, nahodha akaomba basi. Waliobaki tisa wakaachwa hai. Miaka mitano baadaye serikali yao wenyewe ikaifuta adhabu hiyo. Mkanda Mweusi, hao tisa kwako hawana heshima?

Zawadi ya Mvua:
Huyo nahodha ndiye mtu pekee kwenye mada hii aliyesema basi.

Mama Kitabu:
Usimpambe, binti yangu. Mabaharia wake waliouawa walikuwa 11. Alihesabu.

Zawadi ya Mvua:
Hata kama alihesabu, mama. Tisa waliamka kesho yake.