Naomba ushauri: mhusika Mstoa anapendaje kwenye riwaya?

Habari zenu wakuu. Naandika riwaya ya mapenzi ambayo mhusika wake mkuu anafuata falsafa ya Wastoa (wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma waliofundisha kuzitawala hisia na kuyapokea yasiyozuilika kwa utulivu), na nimekwama kwenye sura ambayo mkewe anaugua. Epictetus, mmoja wa walimu wao, alifundisha kwamba ukimbusu mkeo au mwanao, ujikumbushe kuwa unambusu binadamu atakayekufa. Nikiyaandika hayo, mhusika wangu anakuwa jiwe, na msomaji wa hadithi za mapenzi hatamvumilia. Mwandishi wa Marekani Tom Wolfe, katika riwaya yake A Man in Full (1998), alimpa kijana mfungwa mafundisho ya Epictetus na yakamkaa vizuri, ila pale kinachotafutwa ni ujasiri wa gerezani. Mapenzi ni habari nyingine kabisa.

Siamini kwamba Wastoa walikuwa wakavu. Seneca, Mstoa wa Roma, katika barua yake ya 104, anasema anaitunza afya yake kwa ajili ya mkewe Paulina, kwa kuwa mama huyo anampenda mno. Mwanamume wa namna hiyo ndiye ninayemtaka.

Je, nimwache alie mbele ya mkewe, au machozi yaje akiwa peke yake? Na mawazo yake ya ndani niyaonyeshe kiasi gani? Mliowahi kuandika wahusika kama huyu, nisaidieni tafadhali.