Kaka hataki kabisa kwenda kwa daktari wa akili, nifanyeje?

Jamani, kaka yangu tangu apunguzwe kazini hapati usingizi, anakaa tu kitandani gizani na viatu miguuni, nikimwambia twende Muhimbili anasema unataka mtaa mzima useme nimepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mama naye kashikilia karogwa, nimechoka.

Jibu: Pole sana dada. Mirembe tumeifanya tusi toka shule ya msingi, ndo maana watu wanaogopa. Mwambie mnaenda kwa ajili ya usingizi, na si uongo, daktari lazima auulizie.

Jibu: Mama msibishane nae, aombewe na hospitali aende. Mi nilijikaza kiume miaka 2, siku nimefunguka kwa nesi nililia mpaka shati likalowa, wala hakunicheka.

Jibu: Akianza kuongelea kufa usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo.