Kalenda ya chama cha kufa na kuzikana: tuadhimishe siku zipi?

Katibu wa Mtaa, Ipagala

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwetu, hapa Dodoma. Wanachama ni Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, wenyeji Wagogo na Warangi, pamoja na watumishi waliohamia na Serikali. Mkutano mkuu umeniagiza niandae kalenda ya mwaka yenye siku ambazo chama kitakutana, kitachangia chakula au kitafanya kazi ya kujitolea. Wapo wanaotaka kila sikukuu ya kitaifa iingizwe, na wapo wanaosema kwamba chama kilianzishwa kwa ajili ya misiba, kwa hiyo mambo ya gwaride hayakihusu. Naomba ushauri: nianze na siku zipi, na zile zinazohama kila mwaka nizipangeje? Zaidi ya hayo, hatuna siku inayotukutanisha sote kuwakumbuka marehemu wetu.

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu

Ndugu Katibu, usianze na orodha ya siku za mapumziko, kwa sababu orodha hiyo ni ndefu na nyingi kati ya siku hizo zina wenyewe wa kuziandaa. Mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari, Kumbukumbu ya Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 Aprili, Mei Mosi na Sabasaba zote ni siku za heshima, lakini chama chenu hakitaongeza kitu kwa kukodi viti na spika. Nanenane nayo iacheni; atakayependa atakwenda mwenyewe viwanja vya Nzuguni.

Ningechagua mbili. Ya kwanza ni Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, ambayo si siku ya mapumziko lakini kwa mji huu ina uzito wa pekee: katika maadhimisho ya mwaka 2016 yaliyofanyika hapa, Rais Magufuli ndipo alipotangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma, na bila shaka baadhi ya wanachama wako wako Ipagala kwa sababu ya tangazo hilo. Ya pili ni Uhuru, tarehe 9 Desemba. Mwaka 2015 sherehe zake ziliahirishwa, wananchi wakaambiwa wafanye usafi, na fedha zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Mfano huo mnaweza kuufuata kwa kuzibua mitaro na kupanda miti, maana ndipo mvua zetu zinapoanza.

Mwana wa Chamwino

Mwalimu, shikamoo. Kuhusu 9 Desemba naomba kutofautiana nawe. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, na zinapoanza Desemba mwenye shamba la uwele, mtama au karanga hawezi kubaki mjini akichimba mashimo ya miti, kwa sababu wiki moja ikipotea huenda mavuno yakapotea pia. Kalenda hizi zinapangwa na watu wa mshahara, kisha wenyeji tunaonekana wavivu wa kuhudhuria.

Kwetu sisi shughuli za furaha hufanyika baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, chakula kikiwa ghalani na barabara zikiwa kavu. Hata tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino hufanyika katika kipindi hicho, na hapo ndipo utawaona akina mama wakiipiga ngoma ya muheme inavyostahili. Mkitaka siku ya utamaduni, iwekeni Julai, mwalike kikundi cha wazee wa zeze, na 9 Desemba mwachie kila mtu apande mti wake nyumbani.

Binti wa Kondoa

Asalaam aleikum. Nijibu suala la siku zinazohama. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo sikukuu zetu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Idd el-Fitri ni tarehe mosi Mfungo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, Idd el-Haji ni tarehe 10 Mfungo Tatu, na Maulidi ni tarehe 12 Mfungo Sita. Katika kalenda yako andika tarehe inayotarajiwa, acha siku moja wazi kila upande, na ueleze kwamba mwandamo wa mwezi ndio utakaoamua. Wala tusionekane sisi peke yetu ndio wenye tarehe za kuhama, kwani Pasaka nayo huangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mfungo wenyewe. Mwaka 2026, Jumatano ya Majivu, inayoanza Kwaresima, ni tarehe 18 Februari, na Ramadhani inaanza siku hizo hizo, kwa hiyo mkutano wenye chakula cha mchana katika wiki hizo unawaweka wengi pembeni. Badala yake andaeni futari moja ya pamoja jioni. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na hapo katibu atakayekuwepo atahitaji subira. Na mkichinja siku yoyote, mchinjaji awe Mwislamu ili sufuria liwe moja.

Mstaafu wa Reli, Makole

Ndugu Katibu, hakuna aliyegusa swali lako la marehemu. Tarehe 2 Novemba Wakatoliki huwaombea marehemu wote, na Waislamu wana hitima zao, lakini ukichukua siku ya upande mmoja, upande wa pili utakuja kama mgeni. Napendekeza 24 Juni. Siku hiyo mwaka 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko huko Igandu, mkoani kwetu, ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Kifo kile hakikuchagua dini wala kabila, na Juni, kama alivyosema kijana wa Chamwino, watu wana nafasi.

Msiifanye kuwa shughuli kubwa. Someni majina ya wanachama waliotangulia, shehe aombe dua, mchungaji au padri asali, kisha mwende kusafisha makaburi, kila familia kwa watu wake.

Katibu wa Mtaa, Ipagala

Nawashukuru wote. Rasimu nitakayoipeleka ina futari ya pamoja, 24 Juni kwa ajili ya marehemu, na siku ya utamaduni Julai, ambayo nitapendekeza iwe tarehe 25 ili Mashujaa nao wakumbukwe. Ya Desemba nimeiondoa. Mwalimu, uniwie radhi. Mzee wa Makole, naomba kujua jambo moja: majina yasomwe ya waliofariki tangu chama kianze, au ya mwaka husika tu? Daftari letu la zamani lina majina mengi, na baadhi ya familia zimekwisha kuhama.

Mstaafu wa Reli, Makole

Yasomwe yote. Waliohama wapigieni simu wiki moja kabla.