Tupeane uzoefu: brauza na imeli zenye mianya, nani yamemfika hapa Mombasa?

FundiDigoRoad
Wadau salamu zenu. Uzi wa "nilibonyeza linki ya zawadi nikapigwa" tunazo tele, leo nataka zile ambazo mtu hakubonyeza kitu cha kipuuzi, kafungua imeli tu au kaingia ukurasa wa kawaida, kumbe programu yenyewe ndiyo ina mwanya, yaani kasoro ya kupitia wezi. Nianze mie. Mashine ninazoletewa nyingi ni za saiba na bado zina Windows 7, na Chrome waliachana na Windows 7 mwanzoni mwa 2023, ikakomea namba 109. Mwenye saiba akwambia "lakini yafunguka vizuri tu fundi", ni kweli yafunguka, watu waingia iTax ya kodi, waingia eCitizen ya huduma za serikali, paswadi za watu zapita hapo kutwa nzima, lakini mwanya ukigunduliwa leo kwa ile mashine hauzibwi tena. Na haya si hadithi. Septemba 2023 palitoka ule wa picha za WebP, picha tu jamani, imetengenezwa kwa hila, ikijifungua kwenye ukurasa yaweza kumpa mtu wa mbali njia ya kuendesha programu yake ndani ya mashine yako. Chrome wakaziba, Firefox wakaziba, Thunderbird ambayo ni ya imeli nayo ikabidi izibe, maanake zote zilikuwa zatumia maktaba ileile, yaani kipande kilekile cha programu, ya kusomea picha. Sasa hapo ukimwambia mtu "usibonyeze linki" umemsaidia nini? Haya leteni zenu.

BabuReception
Mie wa kale kidogo. Mei 2000 nilikuwa reception kwenye hoteli moja huku pwani ya kaskazini, asubuhi ikaingia imeli ya mzee mmoja wakala wetu Ujerumani, kichwa chake ILOVEYOU. Yule mzee miaka yote hata asante haandiki! Kina dada wa bukingi walicheka mpaka machozi na kabla hajatokea mtu wa kuuliza ishafunguliwa. Lile faili ukiliangalia laonekana barua ya maandishi, laishia TXT, kumbe baada ya TXT pana vbs ambayo Windows kwa kawaida huificha, na hiyo si barua ni programu. Papo hapo ikajituma kwa kila anwani iliyomo kwenye Outlook, ile programu ya imeli ya Microsoft, picha za vyumba zote zikaharibika, na kutwa nzima simu zalia, mawakala wa Uswisi na Italia wauliza hii hoteli yatupenda tangu lini. Ilitokea Ufilipino, na kijana aliyeiandika hakufungwa kwa sababu wakati ule kwao hapakuwa na sheria ya mambo hayo.

Lakini ile bado ilitaka mtu afungue faili. Mwaka uliofuata ikaja Nimda, hii kuichungulia imeli tu kwenye kile kidirisha cha chini yatosha, kwa sababu Outlook Express ilikuwa yaonyesha barua kwa injini ya Internet Explorer, brauza ya Microsoft, na mwanya ulikuwa kwenye Internet Explorer. Na kiraka Microsoft walikitoa Machi 2001, Nimda imekuja Septemba. Nusu mwaka mzima dawa ipo na watu hawajainywa.

KijanaBuxton
"yatupenda tangu lini" 😂😂 nimecheka ndani ya matatu watu wananiangalia

Ajenti_Kilindini
Yetu ni ya ofisini. Kazi yetu kutoa mizigo bandarini kwa hivyo imeli ndio ofisi yenyewe. Ikawa mteja apiga simu alalamika ati mbona hatujibu barua zake za invoisi, sisi twaapa hatujaziona, yeye aapa katuma. Kijana wa akaunti akaingia kwenye mipangilio ya boksi la barua akakuta kuna ruli, yaani amri ya kupanga barua zenyewe, ambayo hakuna aliyeiweka, na jina lake ni nukta moja tu, yaani "." basi, ukipitisha macho haraka wadhani ni uchafu wa kioo. Ile ruli kazi yake kila barua yenye neno invoisi iiweke kama imesomwa na iihamishie kwenye folda ya RSS, folda ambayo wallahi sijaona binadamu akiifungua. Mwizi akawa akaa huko ndani ajibu wateja kwa anwani yetu, na nembo yetu, katika mfululizo uleule wa barua, abadilishe namba ya akaunti ya benki pale chini tu.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Bondeni aleta vyombo kutoka Dubai. Kapokea ile barua akapiga simu, "Nyie leo mbona mwaanza na pesa, salamu aleikum yenu iko wapi?" Hela haikutoka. Walivyoingia mpaka leo ofisini twabishana, mmoja asema hivi mwengine vile. Kilichonitisha ni kwamba tulibadilisha paswadi siku ileile na bado mtu alikuwa ndani.

FundiDigoRoad
Ami Ajenti, paswadi peke yake haimtoi. Ukishaingia kwenye imeli brauza huwekewa kuki, hiyo ndiyo yasema "huyu tushamjua", na wezi siku hizi waiba kuki badala ya paswadi. Toa vifaa vyote kwenye akaunti kwa mpigo, futa ruli, angalia pia kama kuna fowadi ya kupeleka nakala nje, ndipo ubadilishe paswadi. Na kwa wenye Outlook ya kwenye Windows, ule mwanya wa Machi 2023 someni vizuri: mtu akutumia kikumbusho chenye sauti, sauti yenyewe kaielekeza kwenye seva yake, Outlook yenda kuifuata ile sauti na katika kwenda yapeleka alama ya paswadi yako. Hujafungua, hujasoma. Sisemi ndio uliowapata nyie lakini.

MwalimuLikoni
Mie naomba niwe mbishi. Nyie mwasema apdeti apdeti, bandeli yalipwa na nani? Shuleni tunatumia simu ya mwalimu kama waifai, mashine zote zikianza kujishusha vitu hata matokeo hatutumi.

MamaLeso_BiasharaSt
Mwalimu nakuelewa lakini ngoja nami niseme yangu. Nauza leso kwa mtandao, brauza ya binti wa dukani ikaanza kufungua matangazo ya kamari kila akienda kupakia picha. Antivirasi yasema safi. Kumbe ni ekstensheni, kijiprogramu cha kubandika kwenye brauza, ya kushusha video, aliiweka zamani na ilikuwa nzuri tu, ruhusa yake ni kusoma na kubadilisha data zote kwenye tovuti zote. Zote! Yaani na benki. Nikaja kusikia kwamba ekstensheni huuzwa, mwenyewe anampa mtu mwengine na wewe huambiwi, kama ile The Great Suspender, Google waliitoa Februari 2021 baada ya kubadilisha mikono. Sasa dukani tunayo moja, ya kuzuia matangazo.

FundiDigoRoad
@MwalimuLikoni una hoja, na mie sikubaliani na wanaodharau habari ya bandeli. Ila Chrome ikiachwa ijiapdeti mara kwa mara hushusha mabadiliko tu, si programu nzima. Na mara nyingi ishajishusha kitambo, yangoja tu uifunge uifungue, ndio ile alama juu kulia karibu na vidoti vitatu. Watu hawafungi kwa sababu wana kurasa (tab) arobaini wazi. Mwambie kila mwalimu jioni afunge brauza kabisa. Bandeli zitunze kwa apdeti za Windows zenyewe, hizo ndizo nzito.

KijanaBuxton
fundi na sisi wa Windows 10? si nayo walisema imeisha 14 Oktoba 2025, laptopu yangu yakataa Windows 11

FundiDigoRoad
Brauza bado zapata apdeti humo, lakini Windows yenyewe ndiyo ya kuangalia, kuna mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja. Ikishindikana twaweka Linux Mint, mfumo mwengine wa bure badala ya Windows. Ilete Jumamosi baada ya adhuhuri, na uje na chaja.