Naomba ushauri: rangi nyeupe inageuka pinki kwenye jezi nyekundu

Wakuu, kazi ni sura za wachezaji zinazochapwa kwa skrini (wavu unaopitisha wino) juu ya jezi za Simba na Yanga, kisha jezi inawambwa kwenye fremu. Mfano ni msanii wa Marekani Andy Warhol alivyowachapa Pelé na Muhammad Ali mwaka 1977, ila yeye alitumia turubai la kuchorea.

Jezi ni poliesta, na hapo ndipo balaa. Plastisoli (wino wa plastiki unaokauka kwa joto) nyeupe ikiivishwa kwa nyuzi joto 160, rangi ya kitambaa inageuka mvuke na kupanda juu. Jioni meno ya mchezaji meupe pee, kesho yake pinki. Nyekundu ndiyo korofi.

Kuweka tabaka la wino wa kijivu chini kunasaidia, lakini kunaziba vitundu vya kitambaa na jezi inakakamaa kama turubali. Je, plastisoli inayoiva kwa nyuzi joto 130 inapatikana Kariakoo? Jezi ikivutwa kwenye fremu, haipasuki?